Ufa Chini ya Kikapu cha Kushoto

Mwiba ukikuchoma, una mambo mawili ya kufanya. Ama ukae chini, uinue unyayo na kuutoa hata kama wenzako wanakuacha njiani. Ama uvae kiatu juu yake uendelee na safari, kwa kuwa mwiba ni mdogo na wewe ni mtu mkubwa. Wanaochagua hili la pili ndio waliotungiwa methali isemayo kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Jambo dogo likipuuzwa huvimba, na likishavimba halimwombi mtu ruhusa. Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja kikubwa, na mwiba wenyewe ulikuwa ufa katika uwanja wa mpira wa kikapu.

Uwanja huo ulikuwa nyuma ya jiko la chuo, kati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia mashuka ya mabweni. Ulikuwa wa lami iliyopauka, na vikapu vyake viwili havikuwa na nyavu. Hapo ndipo timu ya wasichana ilipofanyia mazoezi, moshi wa jikoni ukiwaingia puani kila upepo ulipogeuka. Kocha wao alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi wa kimo lakini mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye mwenyewe aliwahi kukichezea chuo hichohicho alipokuwa mwanafunzi. Alipohitimu aliombwa abaki awafundishe wenzake "kwa muda tu, mpaka apatikane mwanamume wa kazi hiyo." Mwanamume hakupatikana, maana hakuna aliyeutaka uwanja wa nyuma ya jiko. Muda tu ukawa miaka, mvi zikaanza kumchungulia kichwani, na bado kwenye mikutano aliitwa "yule mama wa wasichana."

Alianza na wachezaji wachache na mpira mmoja uliokuwa umeota kipara. Jezi walizopewa zilikuwa zile zilizochakazwa na wanaume. Msichana akiivaa, tundu la kwapa linamfika kiunoni. Mume wa kocha, ambaye alikuwa fundi cherehani, alizibeba zote hadi kibandani kwake, akazibana na kuzitia namba upya.

"Haya, sasa mnafanana na timu," aliwaambia alipozirudisha. "Jana mlifanana na nguo zilizoanikwa."

Basi kocha akawafinyanga wasichana wake kama mfinyanzi anavyofinyanga udongo. Aliwafundisha kudunda mpira bila kuutazama, kutoa pasi kabla ya kuombwa, na kuanguka bila kuvunjika. "Macho mbele!" alipiga kelele kila jioni. "Mpira unaujua mkono wako. Wewe mjue mwenzako!" Timu ikaota mbawa. Ilifika fainali za kanda, ikashindwa. Ikafika tena, ikarudi na kombe. Siku ya kurudi hapakuwa na mtu wa kuwapokea, kwa sababu timu ya wanaume nayo ilikuwa na mechi ya kirafiki siku hiyo. Na lile kombe, ukitaka kujua lilikoishia, liliwekwa sakafuni katika ofisi ya michezo kushikilia mlango usibamizwe na upepo. Kila kocha alipoingia ofisini humo alilipita kombe lake limelala ubavu kama sufuria lililotoboka, na kila mara damu ilimchemka.

Mwenye ofisi hiyo alikuwa Mkurugenzi wa Michezo, bwana mnene, mcheshi, mwenye viatu visivyojua vumbi. Wanafunzi walimpa jina la Bwana Tutaona, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila ombi. Ukitaka nyavu, tutaona. Ukitaka maji ya kunywa uwanjani, tutaona. Yeye mwenyewe alikuwa akisema hadharani kwamba timu ya wasichana iko kwa sababu moja tu: kanuni ya shirikisho. Kanuni hiyo ilisema kwamba chuo kinachoingia mashindano ya kanda lazima kilete timu mbili, ya wanaume na ya wanawake, na isipofika mojawapo, zote mbili zimetoka.

"Hawa ni tiketi yetu ya kuingilia," alizoea kuwaambia wageni, akicheka hadi tumbo likacheka naye. "Na tiketi haihitaji kulazwa kitandani."

Ikatokea kwamba mfadhili mmoja alikubali kukijengea chuo ukumbi wa kisasa, wenye sakafu ya mbao inayong'aa kama kioo na viti vya watazamaji pande zote. Wasichana walifurahi. Walidhani ukumbi ni wa chuo, na wao ni wa chuo. Malori yakaanza kuleta saruji, nondo na mbao, na kwa kuwa lango la mbele lilikuwa limepandwa maua ambayo Mkuu wa Chuo hakutaka yaguswe, malori yakapitishwa nyuma, juu ya uwanja wa wasichana. Maua yakanusurika. Lami ikapasuka. Chini ya kikapu cha kushoto palitokea ufa mrefu, na upande mmoja wa ufa huo ukainuka juu kuliko wa pili, kama mdomo wa mtu aliyekasirika.

Ukumbi ulipokamilika, ufunguo ulikabidhiwa timu ya wanaume. Kocha alikwenda ofisini.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama. Kuna nini tena?"

"Malori yako yametupasulia uwanja. Mtu akiruka akashukia pale, goti ndiyo basi. Naomba fundi azibe, au utupe ukumbi hata asubuhi, wanaume wakiwa darasani."

Bwana Tutaona alienda naye mpaka uwanjani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Wasichana walikuwa wanapasha misuli moto. Aliinama kidogo, akautazama ufa, kisha akaupiga kwa ncha ya kiatu.

"Huu? Huu ni unywele, mama. Wasichana ni wepesi, watauruka." Akawageukia wachezaji. "Au siyo, mabinti? Tutaona."

Hakuna aliyecheka. Nahodha wa timu, msichana mrefu ambaye wenzake walimwita Ngazi, alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea jikoni.

Kocha alirudi ofisini mara nyingine, na nyingine tena, mpaka karani akawa anamwona kwa mbali na kutikisa kichwa. Mume wake alimletea saruji iliyobaki kwa jirani, wakauziba ufa wao wenyewe, naye fundi cherehani akatania kwamba hajawahi kuweka kiraka kwenye nguo ngumu namna ile. Mvua ikanyesha, kiraka kikabanduka kama kigaga cha kidonda. Kuanzia hapo kocha akawafanyisha mazoezi upande wa kulia tu, kikapu kimoja, nusu uwanja. Walikuwa mabingwa wa kanda, na walifanya mazoezi kwenye nusu ya uwanja, huku ng'ambo ya ukuta viti vipya vya ukumbi vikikaliwa na hewa.

Katika timu hiyo alikuwamo msichana aliyeitwa Kipanga. Jina lilimfaa. Akiuona mpira hewani, ulikuwa wake. Alikuwa binti pekee wa muuza mkaa, na masomo yake yalisimama juu ya kikapu. Chuo kilikuwa kimempa nafasi kwa sababu ya mchezo wake. Kocha alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, lakini hakumdekeza. "Wewe ukivimba kichwa nakukalisha benchi," alimwambia mara kwa mara, na Kipanga alijibu, "Kocha, nikivimba kichwa jezi haitapita," wote wakacheka.

Majuma machache kabla ya mashindano ya kanda, chuo jirani kilikuja kwa mechi za kirafiki, wanaume kwa wanaume na wasichana kwa wasichana. Kocha aliomba wasichana wachezee ukumbini baada ya wanaume kumaliza. Aliambiwa sakafu itakuwa inapigwa rangi ya kung'arishia, kwa sababu mfadhili anakuja kuitazama kesho yake. Wasichana wachezee kwao.

"Kwetu nusu ya uwanja haifai kuchezewa," alisema kocha mbele ya mwamuzi. "Mechi haianzi."

Mara akaja msaidizi wa Mkurugenzi akihema. "Mama, unaitwa ofisini sasa hivi. Mzee anataka mlimalize hili jambo."

Kocha aliwaambia wasichana wake wakae chini, wasiguse mpira mpaka arudi. Akapanda ngazi za jengo la utawala, akaliruka kombe lake mlangoni, akaketi. Bwana Tutaona hakuwa na haraka. Alimuuliza habari za nyumbani, akaagiza chai, akaanza kumweleza jinsi wageni wanavyohitaji heshima. Kocha alikuwa katikati ya kumjibu aliposikia filimbi kupitia dirishani.

"Filimbi ya nini hiyo?"

"Mechi imeanza, mama. Hatuwezi kuwaweka wageni juani kwa sababu ya unywele. Kunywa chai."

Kocha hakuigusa. Alishuka zile ngazi mbili mbili. Alikuwa bado hajalifikia jiko aliposikia ukelele mmoja, na alipofika uwanjani wachezaji wote walikuwa wamesimama. Kipanga alikuwa amelala chini ya kikapu cha kushoto, ameukumbatia mguu, uso umemtoka jasho. Goti lilikuwa limeelekea kule ambako goti halielekei.

"Kocha," alisema, "walituambia umekubali."

Hospitalini daktari alieleza kwamba kano za ndani ya goti zimekatika, na kwamba Kipanga atatembea, ila kucheza asahau. Mama yake alifika na mkaa ungali kwenye kucha. Hakulia. Alikaa kando ya kitanda akiushika ule mguu uliofungwa bandeji kama mtu anayepima uzito wa mzigo ambao hajui ataubeba vipi.

Wewe ungedhani sasa Bwana Tutaona angeona. Hapana! Kabla uvimbe haujaanza kupungua gotini mwa mtoto wa watu, kocha aliitwa mbele ya kamati. Mkuu wa Chuo aliketi katikati, na Mkurugenzi akasimama, akakohoa kidogo, akasema kwa masikitiko makubwa:

"Waheshimiwa, jambo hili linauma. Lakini ukweli usemwe. Wakati mchezaji anaumia, kocha wake hakuwepo uwanjani. Aliiacha timu."

Kocha alimnyooshea kidole. "Sikuwepo kwa sababu wewe uliniita! Ulinikalisha kwenye kiti ukaninywesha maneno, huku umetuma mtu awadanganye watoto wangu!"

"Mama, punguza sauti," alisema Mkuu wa Chuo akigonga meza.

"Sauti nimeipunguza miaka yote, mzee. Ningepiga kelele mapema, mtoto asingekuwa hospitali."

Wajumbe waliangalia meza. Kila mmoja wao alikuwa ameupita ufa ule akienda kula, na kila mmoja aliwajua waliopitisha malori. Lakini ng'ombe wa mwenye nguvu hata akila shamba la watu huambiwa amepotea njia. Kocha alisimamishwa kazi, akaamriwa arudishe filimbi na funguo za stoo ya mipira.

Alifika nyumbani akiwa kama chungu kilichofunikwa kinachochemka. Mume wake alisimamisha cherehani.

"Wamenifukuza kwa kosa lao," alisema. "Wamelikata goti la mwanangu, halafu wakaninyooshea mimi kisu chenye damu."

Fundi alimvutia kigoda. "Lia kwanza, mke wangu. Halafu tule. Hasira haipikiki ikashibisha."

"Silii! Nikilia watasema mama wa wasichana analia."

"Basi tukana. Hapa tupo wawili na cherehani, na cherehani haina mdomo."

Akatukana, na alipomaliza, ndipo machozi yalipomtoka.

Kesho yake Ngazi aliwakusanya wenzake wakaenda ofisi ya michezo. Walimweleza Mkurugenzi kwamba kocha asiporudishwa, na ukweli usiposemwa mbele ya mama yake Kipanga, hawatapanda basi la mashindano.

"Mabinti," alisema Bwana Tutaona akitabasamu, "leo mna hasira, kesho mtakuwa mmepoa. Tutaona."

"Siku ile uliupiga ufa kwa kiatu mbele yetu wote," alijibu Ngazi. "Ulisema tutauruka. Kipanga hakuuruka. Tutaona nini tena?"

Asubuhi ya safari basi lilinguruma langoni. Wanaume walikuwa wamepanda na nyimbo zao, na wasichana walikuwa wameketi kwenye uwanja wao wa nyuma ya jiko, mikono imefumbatwa, wamevaa nguo za nyumbani. Walibembelezwa, wakatishiwa kufukuzwa chuo, wakaitwa watovu wa adabu. Hawakuinuka. Bwana Tutaona akaangalia saa, akacheka kicheko chake. "Tiketi ni tiketi," alisema. "Yeyote anaweza kuishika." Akaenda bwenini akawaokota wasichana wa kwaya, akawavika jezi na kuwapakia kwenye basi.

Afisa wa shirikisho aliyewapokea kwenye mashindano alikuwa ameishuhudia fainali ya mwaka uliopita, na sura za mabingwa alizikumbuka. Aliwatazama wale wasichana wa kwaya, ambao mmoja wao alikuwa ameivaa jezi mbele nyuma.

"Wewe, binti, unacheza nafasi gani?"

"Sauti ya kwanza," alijibu yule msichana.

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. "Ukipewa pasi unafanya nini?"

Msichana alifikiri. "Nasema asante."

Hapo mambo yakaisha. Timu ya wanawake haikuwepo, na waliokuwepo walikuwa wa kughushi. Kwa hiyo chuo kizima kilitolewa, pamoja na wanaume wake waliotabiriwa ubingwa. Juu ya hilo, kikafungiwa mashindano ya mwaka uliofuata. Afisa aliuliza mabingwa wa mwaka jana wako wapi, na nahodha wa wanaume, kijana aliyekuwa amesimuliwa na wasichana, akaeleza yote kuanzia malori mpaka kikombe cha chai. Mfadhili wa ule ukumbi, aliyekuwa amekuja kuitazama timu ya wanaume na kukaa jukwaani na wageni wake, alisikia kila neno. Hakusubiri gari la chuo. Alikodi lake akaondoka, na ahadi zake akaondoka nazo.

Sasa ndipo miguu ilipoanza kukimbia. Mkuu wa Chuo mwenyewe, yule wa punguza sauti, alionekana mtaani akiuliza anakokaa fundi cherehani. Alimkuta kocha anakunja vitambaa, akaketi pale alipoelekezwa, juu ya kigoda.

"Mama, chuo kinakuhitaji. Tumekosea kidogo..."

"Kidogo?" Kocha aliweka kitambaa chini. "Neno hilo ndilo lililotufikisha hapa, mzee. Ufa ulikuwa kidogo. Na goti je, nalo kidogo?"

Mkuu wa Chuo aliinamisha kichwa. "Unataka nini?"

"Nenda kwa mama yake Kipanga. Mwambie kwa mdomo wako ni nani alianzisha mechi ile, na ni nani alidanganya. Masomo ya yule mtoto yasiguswe, acheze asicheze. Halafu wasichana waingie ukumbini siku sawa na wanaume. Ukishafanya hayo, njoo tuzungumze habari za filimbi."

Alikwenda. Muuza mkaa alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Alipomaliza, mama yule alisema, "Nimekusikia. Ila ungekuja siku malori yalipoupasua ule uwanja, ningekuwekea kiti." Akarudi kwenye mkaa wake.

Bwana Tutaona alifukuzwa kazi. Alikwenda chuo hiki na kile kutafuta nafasi, lakini habari zilikuwa zimemtangulia, na kila alikobisha hodi alijibiwa kwa adabu kwamba wataona. Kocha alirudi. Siku wasichana walipoingia ukumbini kwa mara ya kwanza walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakaogopa kuikanyaga ile sakafu. Mkuu wa Chuo alitoa hotuba ndefu akikisifu chuo kwa kuwajali mabinti, na baadhi ya wajumbe wa ile kamati wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Kocha hakupiga. Alikuwa amekaa benchi karibu na Kipanga, aliyekuwa ameegemeza magongo yake ukutani.

"Kocha, mbona hufurahi?" aliuliza Kipanga. "Si tumeshinda?"

"Sakafu hii ilikuwepo siku ile ulipoumia, mwanangu. Haikuletwa jana. Mlango tu ndio uliokuwa umefungwa." Akainuka na kuipuliza filimbi kwa nguvu zake zote, ingawa hotuba ilikuwa haijaisha. "Macho mbele! Nataka nione pasi!"

Mipira ikaanza kudunda, na hotuba ikamezwa na vishindo.

Kipanga hakucheza tena. Hilo hakuna kombe litakalolirudisha, na anayelisimulia bila kuona uchungu hajalielewa. Lakini na wale walioutazama ufa wakauita unywele hawakubaki salama: mmoja alipoteza kazi na jina, chuo kikapoteza mashindano, mfadhili na heshima yake mbele za watu, kwa jambo ambalo fundi mmoja na mfuko mmoja wa saruji wangelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo usimcheke anayekaa chini njiani kuuchomoa mwiba wake, kwa maana mdharau mwiba mguu huota tende.